Kumpiga picha kweche dume akijionyesha kwa majike, Hifadhi ya Kitulo, kusini mwa Tanzania

Ndugu, nimeiona picha yako ya kweche, yule ndege mweusi wa nyasini mwenye mkia mrefu. Kwamba mkia umefifia na mwili umekuwa doa jeusi kunaonyesha mambo mawili: shata (kifunga-mwanga cha kamera) ya polepole, na kamera kudanganywa na weupe wa mawingu. Weka shata 1/2000 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ijipange yenyewe isizidi 3200, fokasi ya kufuatilia. Dume akiwa mbele ya anga jeupe, ongeza mwanga kwa stopu (hatua ya mwanga) 1 hadi 1⅓. Akishuka mbele ya nyasi, rudisha sifuri, la sivyo ile njano ya begani itaungua kwa mwanga kuzidi.

Usimkimbize. Ana eneo lake na hurudirudi kwenye mabua yaleyale, basi kaa barabarani na lenzi ya milimita 400 umsubiri. Ndege huruka kuelekea upepo. Ukiupa mgongo, atakuja uso kwa uso nawe. Jua nalo likiwa nyuma yako, bahati hiyo. Acha nafasi ya mkia kwenye fremu, wengi huukata.

Nenda kati ya Desemba na Machi, ukungu ukishapanda. Kamera ibaki nje ya joto la gari, lenzi isije ikatoa jasho. Nyasini usiingie kabisa: majike wanatagia humo.