Muulize Sista: Mzee alipona, baba akafa. Kwa nini?

Anayejibu barua hizi ni muuguzi mstaafu wa wodi ya wagonjwa mahututi. Majina ya waliotuandikia tumeyaacha kwa ombi lao.

*Shikamoo Sista. Baba yetu alikuwa na miaka 66, ana sukari, na figo zilishaanza kumsumbua. Mwaka 2020 alipata korona, akakaa nyumbani siku tisa akisema ni mafua tu. Tulipomfikisha hospitali alikuwa anatuchanganya majina. Kwenye karatasi zake wameandika pumzi 34, oksijeni 81, yurea 19. Alifariki siku ya nne. Kitanda cha pili alilazwa mzee wa miaka 78, hana sukari wala presha, amekuja kwa miguu yake, oksijeni 93. Huyo akatoka mzima. Siku zote tunaambiwa korona huwamaliza wazee. Mbona ilimwacha mzee ikamchukua baba? Au kuna mtu hakumshughulikia? Binti mkubwa.*

Marahaba mwanangu, na poleni sana. Umeniletea namba, nami nitakujibu kwa hizo hizo.

Waliokwambia habari ya wazee hawakukudanganya. Mwaka 2020 watafiti wa Uingereza walipitia rekodi za watu zaidi ya milioni 17, wakaona kwamba aliyefika miaka 80 alikuwa na hatari ya kufa kwa korona zaidi ya mara 20 ya mtu wa miaka hamsini na kitu. Sukari isiyodhibitiwa, pamoja na ubaya wake wote, iliongeza hatari hiyo karibu mara mbili tu. Kwa hiyo ukiwapanga watu barabarani, wote wazima, umri ndio wa kwanza kuutazama.

Ila baba yako na yule mzee hawakuwa barabarani. Walikuwa wamelazwa, na mtu akishafika wodini umri unapata washindani. Mwaka huo huo, hukohuko Uingereza, madaktari walichukua taarifa za maelfu ya waliolazwa wakatengeneza hesabu ya alama, kutoka 0 hadi 21, ya kukadiria nani yuko hatarini zaidi. Kila kitu kinachoulizwa humo hupatikana saa za mwanzo tu: umri, mwanamume au mwanamke, magonjwa ya kudumu mangapi, anapumua mara ngapi kwa dakika, oksijeni ngapi, akili imetulia au anachanganya, kisha vipimo viwili vya damu, kimoja kikiwa yurea, uchafu wa damu ambao figo huutoa.

Tuanze na yule mzee. Miaka 78 inampa alama 6, uanaume 1, magonjwa hana. Oksijeni 93 haimwongezei kitu, kwa sababu alama huanza ikishuka chini ya 92. Kupumua, kwa mtu aliyeingia anatembea, tumpe 1. Jumla 8 kabla ya damu. Baba yako: miaka 66 ni 4 tu, uanaume 1, sukari na figo 2. Mpaka hapo ana 7, karibu sawa na mzee. Sasa weka hali aliyofika nayo. Pumzi 34 ni alama 2, oksijeni 81 alama 2, kuchanganya majina alama 2, yurea 19 alama 3. Jumla 16, na kipimo cha pili cha damu hatujakigusa.

Katika wagonjwa wale, waliopata 15 na kuendelea walikufa zaidi ya 6 katika kila 10. Wenye alama 4 hadi 8 alikufa takriban mmoja katika 10. Hizo ni namba za 2020, kabla ya chanjo, wakati ule ule baba yako alipougua.

Angalia tena zile 16. Alama 9 kati yake hazikutokana na umri wala uanaume wala magonjwa yake ya zamani. Zilitokana na jinsi alivyofika. Figo mbovu kweli zilichangia ile yurea, siwezi kuziondoa kwenye hesabu, lakini pumzi na oksijeni na akili ni mambo ya zile siku tisa. Wagonjwa wengi wa korona niliowahudumia hawakuzidiwa siku za mwanzo. Wiki ya kwanza ni homa, kichwa, uchovu. Kuanzia siku ya tano mpaka ya kumi hivi ndipo mapafu huwaka, tena huwaka kwa kinga ya mwili wenyewe iliyopitiliza, na damu huanza kuganda ndani ya mishipa midogo. Kibaya zaidi, oksijeni inaweza kushuka mno na mtu asione taabu. Nimewahi kupokea mgonjwa wa oksijeni 78 anayezungumza na simu na kuulizia chai. Kwa hiyo baba kusema "ni mafua tu" haukuwa ukaidi wala ujinga. Pengine alivyojisikia ndivyo hasa.

Kuhusu aliyemshughulikia vibaya, mimi faili sijaliona. Ninachoweza kusema ni kwamba namba ulizonitumia ziliandikwa mlangoni, kabla mtu yeyote wa pale hajafanya jambo zuri au baya. Hospitali yenyewe nayo ni sehemu ya hatari, hilo silifichi. Utafiti uliofanyika mwaka 2020 kwenye hospitali 64 za nchi 10 za Afrika ulifuatilia wagonjwa mahututi 3,077 wa korona, na karibu nusu walifariki ndani ya siku 30. Sukari, figo, ini na virusi vya UKIMWI vilionekana kuongeza vifo, na uhaba wa vifaa na wahudumu ulikuwa na mkono wake. Wawili wenye alama sawa wakilazwa pawili tofauti hawana bahati sawa.

*Sista, kwetu tunasema ukiona mtu wa korona amewekewa mashine ya kupumulia, andaa sanda. Nikiugua nimeshawaambia wanangu wasikubali. Nakosea?*

Unakosea, na nakuomba uwaite wanao uwaambie upya.

Mashine huwekewa aliyezidiwa kupita wote, kwa hiyo ni lazima vifo viwe vingi kwa walio kwenye mashine. Lakini kilichowaua ni mapafu yao. Mwaka 2020 kulikuwa na jaribio kubwa la dawa Uingereza, linaitwa RECOVERY. Waliokuwa kwenye mashine bila dawa iliyokuwa ikijaribiwa, katika kila 100 walifariki kama 41 ndani ya siku 28. Wenzao wa mashine waliopewa deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei ndogo, walifariki 29. Yaani wengi wao walikuwa hai siku hiyo ya 28. Kwa waliovuta oksijeni bila mashine, vifo vilishuka kutoka 26 hadi 23.

Na hapa nina jambo limenikaa rohoni. Habari ile ilipotoka, watu walikimbilia maduka ya dawa kununua deksamethasoni wanywe nyumbani, wakidhani wanakinga kifua. Jaribio lile lile lilikuwa na wagonjwa wasiohitaji oksijeni kabisa. Hao dawa haikuwasaidia, na waliopewa walikufa 18 katika 100 kwa 14 wa wasiopewa. Tofauti hiyo haitoshi kusema dawa iliwaua, ila faida haikuonekana. Zaidi ya hayo dawa hii hupandisha sukari, na sukari iliyopanda kwa mgonjwa wa korona ni balaa hata kwa asiyejijua kuwa na kisukari. Ni dawa ya kitandani, kwa mtu anayehitaji oksijeni.

Kabla ya mashine kuna mengi hufanywa: oksijeni ya puani au ya barakoa, kumlaza mgonjwa kifudifudi ili sehemu ya nyuma ya mapafu ipate hewa, sindano za kuzuia damu kuganda. Ukikataa mashine, ule mlango wa mwisho, angalau usiikatae na hiyo milango iliyotangulia. Wapo waliovua barakoa ya oksijeni usiku kwa kuamini ndiyo inayowaua, nikawavisha tena, wakaivua tena.

*Nina presha na nameza dawa kila siku. Nilisikia dawa hizi humfungulia kirusi mlango. Niziache nikiugua?*

Usiache. Hofu hiyo ilianza mapema 2020 kwa sababu kirusi huingia kwenye seli kupitia kitu ambacho baadhi ya dawa za presha hukigusa kwa mbali. Wagonjwa waliolazwa Brazili waligawanywa makundi mawili, wengine wakaendelea na dawa, wengine wakasimamishiwa. Kuziacha hakukuwa na faida. Presha yenyewe, ukishatoa umri na moyo na figo zinazoandamana nayo, haina uzito mkubwa kama watu wanavyodhani. Ukilazwa na presha ikashuka, daktari ndiye atakayeamua.

*Sista, nina kipimo cha oksijeni cha kidole. Mume wangu ana unene na miaka 59, siku ya saba ya korona kinasoma 93 au 94. Ngozi yetu nyeusi, nimesikia kinadanganya. Nikiamini?*

Kiamini nusu. Desemba 2020 madaktari wa Marekani walilinganisha kipimo cha kidole na damu iliyotolewa moja kwa moja kwenye mshipa. Kidole kiliposoma kati ya 92 na 96, katika kila wagonjwa weusi 100 karibu 12 walikuwa kwa kweli chini ya 88. Kwa weupe walikuwa wanne hivi. Kucha zenye rangi na vidole vya baridi navyo huharibu usomaji.

Kwa hiyo mume wako namtazama hivi: siku ya saba, unene, anakaribia sitini, 93 ambayo huenda ni 89. Mkalishe, usimwambie unafanya nini, maana mtu akijua anahesabiwa hubadilisha pumzi. Tazama kifua kikipanda, hesabu dakika nzima, si nusu dakika ukazidisha. Ikifika 24 au zaidi, au ukimtembeza chumbani kidogo namba ya oksijeni ikashuka kwa 3, au akishindwa kumaliza sentensi bila kukatisha, mpeleke sasa hivi. Na kama pumzi ni 18 na anakula, barua hii ikikufikia kesho bado nenda naye akapimwe, kwa sababu siku ya nane na ya tisa bado ziko mbele yake.