Jibu: French Bulldog na ile miaka 4.5
Mkuu, umeuliza kama ni kweli French Bulldog, aina ya mbwa mwenye uso bapa, huishi miaka minne na nusu tu. Namba hiyo ipo, ilitoka Uingereza mwaka 2022, ila usiimeze nzima. Ilihesabiwa kwa mbwa waliokufa kati ya 2016 na 2020, wakati aina hii ndiyo kwanza imeshika kasi huko, na wengi walikuwa bado wadogo. Wenye afya hawakuwa wamepata muda wa kuzeeka, kwa hiyo vifo vilivyoonekana vilikuwa vya wale waliokufa mapema. Utafiti wa 2024, wenye mbwa zaidi ya 580,000 wa hukohuko, wakiwemo walio hai, ulipata miaka 9.8. Mbwa wote kwa jumla, 12.5.

Bado ni pungufu, na sababu iko usoni. Wa jirani yangu akipanda ngazi anakoroma kama aliyelala, matundu ya pua ni mistari miwili tu. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, sasa huyu joto la Dar atalitoaje? Naumia nikimwona. Kabla hujanunua, mwache akimbie kidogo, kisha msikilize anavyopumua.