Je, nimpeleke mwanangu polisi ili aache unga?

SWALI: Assalamu alaikum, Mhariri. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Majengo, Mombasa. Kijana wangu wa tatu ana miaka 24 na anatumia unga, yaani heroini. Ameuza sufuria zangu, ameuza simu ya dada yake, na mwezi uliopita aliuza mtungi wa gesi ambao ulikuwa bado haujaisha. Shemeji yangu ananihimiza niende kituoni nikamripoti afungwe, kwa kuwa gerezani hapati unga na akitoka atakuwa mtu. Majirani nao husema kwamba lau tungekuwa na sheria kali kama za Singapore, mtaa huu usingekuwa na mateja. Je, ukali huo unatusaidia au unatumaliza? Na mimi nifanye nini?

JIBU: Wa alaikum salaam, mama yetu. Nitaanza na ushauri wa shemeji yako, kwa sababu ndio unaoweza kuleta msiba upesi. Tafadhali usimpeleke. Arosto, yale mateso ya mwili unaokosa unga, itamshika akiwa sakafuni mwa seli, akitapika na kutetemeka pasipo wa kumhudumia, na kuta za gereza popote duniani hazijawahi kuwa kizuizi kamili cha unga. Hata tukichukulia kwamba ataukosa kabisa kwa miezi kadhaa, hatari kubwa zaidi itakuwa inamngoja nje. Mwili uliokaa bila heroini hupoteza ule uwezo wa kuihimili, kwa hiyo akirudi maskani na kutumia kipimo kilekile alichokizoea zamani, kipimo hicho kinaweza kumkata pumzi. Wataalamu wa afya wanazitaja wiki 2 za kwanza baada ya kutoka gerezani kuwa miongoni mwa nyakati ambazo watumiaji hufa zaidi.

Kuhusu ukali wenyewe, ni vyema tuulize unamwangukia nani. Sheria yetu ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 haikuwa laini hata kidogo, kwani ilipotungwa ilimwekea mlanguzi kifungo cha hadi maisha. Hata hivyo, ndugu wawili wa familia ya Akasha, walanguzi wakubwa wa dawa za kulevya, walikamatwa hapa hapa Mombasa mwezi wa Novemba 2014, na shauri la kuwapeleka Marekani likakokotwa mahakamani kwa zaidi ya miaka 2, mpaka waliposafirishwa huko Januari 2017. Walikiri makosa yao mwaka 2018, na miongoni mwa waliyoyakiri ni kuwahonga maafisa wa Kenya ili wasipelekwe. Mmoja akahukumiwa miaka 25, mwingine miaka 23. Katika miaka hiyohiyo ambayo kesi ya wakubwa ilikuwa ikiahirishwa, vijana wa kete moja, yaani kijipakiti kimoja cha unga, walikuwa wakizolewa vichochoroni. Sheria ni ileile moja, lakini makali yake yalimfikia mgonjwa kwanza, na jambo hilo linaniuma kila ninapolifikiria.

Unga ukikatika ghafla pasipo matibabu, matokeo yake tuliyaona. Kati ya Desemba 2010 na Machi 2011 heroini iliadimika Pwani nzima. Anayetazama kwa mbali angedhani huo ulikuwa ushindi. Watafiti waliozungumza na watumiaji baadaye walisimuliwa mambo mengine: watu walizidiwa na arosto, wakahaha kutafuta chochote cha kuituliza, wakachanganya vidonge na pombe, na wengine wakashirikiana sindano. Hilo la sindano si dogo, kwa maana uchunguzi uliofanywa wakati huohuo ulikadiria kwamba takriban asilimia 18 ya Wakenya wanaojidunga walikuwa na virusi vya UKIMWI, ilhali kwa watu wazima kwa jumla kiwango kilikuwa karibu asilimia 6. Anayemkimbia polisi humkimbia pia muuguzi anayemletea sindano safi.

Majirani wako hawajakosea kabisa kuhusu Singapore. Matumizi huko ni madogo, na anayepatikana na hatia ya kulangua zaidi ya gramu 15 za heroini anaweza kunyongwa. Ila rushwa huko ni nadra, na hata huko mtumiaji wa kawaida mara nyingi hupelekwa kituo cha kumrekebisha. Ureno ilifuata njia nyingine tangu 2001: anayekutwa na kiasi kidogo cha kutumia mwenyewe hafunguliwi mashtaka ya jinai, bali hufikishwa mbele ya jopo linaloweza kumwelekeza kwenye matibabu, na mlanguzi bado anafungwa. Maambukizi ya virusi miongoni mwa wanaojidunga yalishuka sana nchini humo. Mimi ningependa ukali wetu wote uhamie bandarini, baharini na kwenye akaunti za benki za walanguzi, na mwenye kete apelekwe hospitali.

Sasa turudi kwa kijana wako. Kisauni kuna kliniki ya serikali inayotoa methadoni, dawa ya maji inayozuia arosto kwa takriban siku nzima, hivyo mtu akaweza kula, kulala na kufanya kazi. Nimewahi kukaa asubuhi moja nikitazama foleni ya dawa hiyo. Kila mmoja alipewa kikombe kidogo cha plastiki, akanywa mbele ya muuguzi, akaongezewa maji, kisha akaulizwa swali ili afungue kinywa na ionekane amemeza. Mwanamume mmoja aliyevaa ovaroli ya gereji alimaliza kwa dakika moja na kuondoka mbio, kwa sababu alikuwa anachelewa kazini.

Kijana lazima akubali mwenyewe, kwa hiyo zungumza naye saa ambazo hana arosto. Kipimo cha mwanzo huwa kidogo kwa ajili ya usalama, naye huenda akalalamika kwamba dawa haifanyi kazi. Mwombe avumilie kipimo kinapopandishwa polepole. Dawa hunywewa kila siku, na siku za kwanza ndizo wengi hukata tamaa. Ukijaliwa, usimpe nauli mkononi. Panda naye matatu, mvuke pamoja daraja la Nyali, umngoje nje mpaka atoke.