Wezi wakiingia kwa mpangaji, uliza kwanza habari za funguo

Mwaka wangu wa kwanza wa kusimamia nyumba, mama mmoja mpangaji wa Bel-Air, hapa Lubumbashi, alinipigia simu alfajiri. Televisheni, sufuria, nguo za watoto, vyote vilikuwa vimekwenda. Nilikagua mlango: kitasa kizima, bila mkwaruzo. Mpangaji aliyemtangulia alinirudishia funguo mbili, nami sikumuuliza kama alichongesha wa tatu, wala sikubadilisha kitasa.

Ninyi mnaoanza kazi hii mtasikia wenye nyumba wakisema, "Wezi si shauri letu." Ni kweli nusu. Sheria yetu ya madai, kitabu cha tatu, inayotokana na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, haimfanyi mwenye nyumba kuwa mdhamini wa mpangaji dhidi ya uhalifu wa watu wa nje. Lakini humohumo, ibara ya 258 na 259 zinamtaka anayemdhuru mwenzake kwa kosa au uzembe alipe, na ya 260 inamfanya mwajiri ajibu kwa makosa ya mtu wake akiwa kazini. Basi kama zamu, yaani mlinzi, mliyemwajiri ninyi aliacha geti wazi, au mpangaji aliwaandikia mara mbili kwamba dirisha limevunjika nanyi mkanyamaza, mtajiteteaje?

Mpangaji akihama, badilisheni kitasa kabla mwingine hajaingia. Katika hati ya hali ya nyumba andikeni idadi ya funguo, pande zote mbili zitie sahihi. Kuhusu zamu, mkataba useme wazi ni mfanyakazi wa nani. Katika lupango nyingi, yaani viwanja vyenye nyumba za wapangaji kadhaa, wapangaji wanachangia mshahara wake, na asubuhi ya wizi kila mtu anamkana. Na msikubali apigwe na majirani kwa sababu tu alikuwa zamu usiku huo. Kumhoji ni kazi ya polisi.

Siku yenyewe fikeni haraka. Msianze na maneno ya nani atalipa. Waambieni wa nyumbani wasifagie wala kupanga vitu mpaka OPJ, afisa wa polisi wa upelelezi, aone na kuandika PV, yaani taarifa rasmi ya tukio. Karatasi hiyo inamlinda mpangaji pia, maana sheria inamwajibisha kwa uharibifu uliotokea akiwa ndani, asipoonyesha kwamba si kosa lake. Nimeona garanti za watu, pesa za dhamana walizomwekea mwenye nyumba, zikikatwa kwa mlango uliovunjwa na wezi, kwa kukosa PV tu. Inaniuma kila mara. Halafu mlango utengenezwe kabla ya giza, hata kama ubishi wa gharama haujaisha.

Yule mama nilimwambia ukweli kuhusu kitasa, ingawa niliogopa kufukuzwa kazi. Mwenye nyumba alikasirika, kisha akamsamehe kodi ya mwezi mmoja. Jioni ile nilifunga kitasa kipya, na funguo zote tatu nikamkabidhi mama mbele ya mwanawe mkubwa.