Mausipedi Laini, Vumbi la Kijenge na Visingizio Vyenu

Tangu niseme hapa kwamba mausipedi laini ya kitambaa ya kuwekea mausi ya kompyuta, ile ya kontroli (inayoizuia mausi isiteleze ovyo), inamtosha karibu kila mcheza Counter-Strike na Valorant, gemu za kulenga na kupiga risasi, wa huku kwetu, simu yangu haijapumzika. Nimechagua maswali machache. Wale mliopoteza mechi kwa sababu ya meza, kiti, au mdogo wenu aliyepita nyuma, leo mtanisamehe.

Swali: Mkuu, mausipedi gani ni bora kuliko zote? (Chalii wa Sakina)

Kwa gemu gani? Kwa mkono gani? Kwa meza ya upana gani? Likija tena bila DPI yako (wepesi wa mausi yenyewe) na sensitiviti yako (wepesi uliouweka ndani ya gemu), silijibu.

Swali: Kaka, habari za kazi. Kuna duka mjini wameleta mausipedi laini, muuzaji anasema ni ya kontroli. Nitajuaje kama ni kweli au ni maneno ya biashara tu? Hela ninayo ya kununua mara moja. (Njiro, Arusha)

Huyu kauliza kama mtu anayejua thamani ya shilingi. Nenda na mausi yako mwenyewe, ile unayochezea, siyo ya kuazima. Muuzaji akikataa kufungua boksi, mshukuru na uende duka la pili.

Anza na mwendo mdogo kabisa. Weka mausi, tuliza mkono, kisha isogeze kiasi cha punje ya mchele. Kitambaa kibaya kinaing'ang'ania kwanza halafu kinaiachia ghafla, kama gari linalochomoka kwenye tope, na shabaha yako inapita kichwa cha adui. Hapa ndipo wengi wanapochanganya. Nguvu ya kuianzisha mausi ni kitu kimoja, nguvu ya kuiendesha ikishaanza ni kitu kingine. Mausipedi inayoanza bila kukwama, kisha ikakupa uzito kidogo njiani, hiyo ni mali. Inayokwama mwanzoni halafu ikateleza kama imepakwa mafuta, iache hapohapo dukani, hata kama boksi limeandikwa kontroli kwa dhahabu.

Kisha pima kusimama. Itupe mausi upande mmoja kwa haraka na uikamate. Ukishaacha kusukuma, inatakiwa itulie pale ulipoacha, isikuombe uivute nyuma.

Halafu minya. Huu ndio mtihani wa ulaini wenyewe, na wauzaji hawautaji. Endesha mausi kwa mkono mwepesi, kisha endesha huku umeikandamiza. Kwenye sponji laini miguu ya mausi inazama kidogo na msuguano unapanda, kwa hiyo una breki mkononi. Inafaa sana kwa mtu mtulivu. Ila kama wewe ni wa kukaza kiganja ukimwona adui, breki hiyo itageuka gundi katika sekunde ileile unayohitaji kusogea. Jijue kabla hujalipa.

Chora pia duara polepole. Nyuzi za vitambaa vingi zimefumwa kiasi kwamba kwenda kushoto na kulia si sawa na kwenda juu na chini. Tofauti ndogo mkono unaizoea. Duara likitoka kama yai, achana nayo.

Sasa igeuze. Watu wanasifia kitambaa wakasahau mpira wa chini, na meza zetu nyingi ni mbao iliyopigwa vanishi mpaka unajiona sura. Mpira hafifu kwenye vanishi unatembea, na mausipedi inayotembea haina kontroli yoyote. Bonyeza kwa kiganja kizima na usukume kwa nguvu. Ikisogea, basi. Pitisha na ngozi ya mkono kwenye kingo zilizoshonwa: uzi ukiwa juu kuliko kitambaa, utakuchubua kila usiku. Kona zilizojikunja kwa kukaa kwenye boksi si kosa, zitalala zenyewe baada ya siku chache. Mwinuko wa katikati usiolala ni kosa.

Na usiitolee hukumu siku ya kwanza. Cheza wiki kadhaa, kisha linganisha pale katikati unapochezea na kona ambayo mkono haufiki. Katikati ikiwa imeshaanza kung'aa au kushika, umejua umenunua nini.

Swali: Nimebadilisha mausipedi tatu na bado mkono unanipita shabaha. Natumia DPI 1600, sensitiviti 1.5 kwenye CS2 (Counter-Strike 2). Ninunue ipi ya nne? (Kijenge)

Usinunue. Kwa namba hizo unageuka duara zima kwa sentimita 17 na kidogo za meza. Nusu ya hapo, yaani kumgeukia adui aliye nyuma yako, ni kama upana wa kiganja chako tu. Hakuna kitambaa duniani kitakachokuokoa. Shusha DPI iwe 800 na uiache 1.5 hiyohiyo, duara litakuwa sentimita 34 na nusu hivi. Ukizoea, jaribu 800 kwa 1, ambayo ni karibu sentimita 52. Hapo ndipo mausipedi ya kontroli inapoanza kufanya kazi, kwa sababu sasa unatumia mkono mzima na unahitaji kitu cha kukusimamisha.

Wiki ya kwanza utafungwa sana. Vumilia.

Hili linanipeleka kwenye saizi, maana najua utaniuliza kesho. Ukishashuka hapo, SteelSeries QcK ya kati (Medium) ya milimita 320 kwa 270 itakubana. Tafuta upana wa sentimita 45 kwenda juu: QcK Heavy ina 450 kwa 400, Logitech G640 ina 460 kwa 400. Tofauti yao utaihisi kwenye unene, kwani Heavy ni milimita 6 na G640 ni 3. Kama meza yako ina misumari na mabonde, unene utayaficha. Kama ni nyororo, milimita 3 zinatosha na kiwiko kitakushukuru.

Swali: Shemeji yuko Japani, ameniahidi mausipedi ya Artisan Zero. Anauliza XSoft, Soft au Mid. Nimwambieje? (Rau, Moshi)

Mwambie Soft, na umwambie asante mara mbili. Hayo maneno ni ya sponji ya ndani. Kitambaa cha juu ni kilekile. XSoft inazama zaidi, na kwa mkono unaokandamiza inaweza kuwa nzito kuliko ulivyotaka. Mid ni ngumu zaidi, mausi inapita juujuu, kontroli unayopata ni ya kitambaa tu. Kwa mtu ambaye hajawahi kugusa hata moja, katikati ndiko salama. Zero yenyewe haiko kati ya zile nzito sana, kwa hiyo usije ukashangaa kwamba inakwenda. Kontroli si lazima iwe tope.

Ila ukishaipata usiwe mmoja wa wale wanaoifungia kabatini na kucheza juu ya daftari. Ni kitambaa. Kimetengenezwa kiishe.

Swali: Mausipedi yangu ilikuwa nzuri sana, sasa inakwaruza. Imeharibika? (Ngaramtoni)

Uliiosha lini? Nilijua.

Huku kwetu, kiangazi kikikolea, vumbi la udongo wa volkano wa Meru linaingia hata dirisha likifungwa, na barabara ya mtaani ikiwa ya udongo ndiyo kabisa. Chembe zake ni ngumu. Zinakaa katikati ya nyuzi, miguu ya mausi inazisaga, na kile unachokiita mausipedi iliyoharibika ni mchanga. Robo tatu ya malalamiko ninayoletewa kuhusu "kupoteza kontroli" ningeyamaliza kwa beseni moja la maji.

Maji ya baridi au vuguvugu, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kidogo tu, na kiganja au sponji laini. Sugua taratibu kufuata nyuzi, suuza mpaka maji yatoke safi, maana sabuni iliyobaki inashika kuliko uchafu. Usikamue kwa kupinda kama unavyokamua shuka. Ikandamize ndani ya taulo kavu. Ilaze kivulini mahali penye upepo mpaka ikauke kabisa, hata ikichukua siku mbili. Usitie jiki, usiianike juani juu ya bati, na maji ya moto yanaachanisha kitambaa na mpira. Msomaji mmoja aliipiga pasi. Simtaji mtaa wake.

Kisha geuza mausi. Kwenye kingo za vile vijiguu vyeupe vya Teflon kuna mstari wa uchafu. Utoe kwa kijiti cha meno.

Swali: Je, mausipedi hii itanisaidia kwenye eFootball? Nachezea pedi ya PS. (Majengo, Moshi)

Hapana.

Swali: Mwanangu, mimi ni mama wa mtoto wa kidato cha tatu. Anadai mausipedi kubwa ya kufunika meza yote, yenye taa. Mimi naona ni anasa. Una maoni gani? (Mama wa Shanty Town)

Shikamoo mama. Uko sahihi nusu. Taa hazimsaidii mtu kulenga, zinaongeza waya mezani na bei kaunta, na mara nyingi kitambaa cha zile zenye taa ndicho walichokibania fedha. Hizo mkatalie bila huruma. Ukubwa lakini si anasa. Kijana anayecheza kwa mkono mzima anahitaji nafasi, na kitambaa kikifunika ukingo wa meza kinauzuia ubao usimkate mkono. Mnunulie ya kawaida, nyeusi, isiyo na taa. Ile ya picha za majoka achana nayo pia: mausi inaona kwa kamera ndogo inayopiga picha za kitambaa maelfu kwa sekunde, na baadhi ya kamera hizo hazipendi rangi zinazobadilika ghafla.

Ninaongeza ambalo hukuliuliza, mama. Kaangalie kiti chake. Kama anakalia kiti cha plastiki kifupi na kiwiko kiko chini ya meza, mkono unaning'inia kwa kifundo, na huko ndiko maumivu yanakoanzia. Mto mmoja chini yake una faida kuliko nusu ya vitu anavyokuomba. Mitihani ya kidato cha nne nakuachia wewe.

Swali: Masika ikianza mausi inakuwa nzito, kiangazi inakuwa nyepesi. Je, nina kasoro mkononi? (Pasua, Moshi)

Huna. Kitambaa kinapokea unyevu wa hewa na jasho la mkono, na Moshi mna joto kutuzidi sisi wa huku juu, kwa hiyo mnapata vyote viwili pamoja. Vaa soksi ya mkono, au kata soksi ndefu ya zamani, na uache feni ipige mezani. Usibadilishe sensitiviti kwa ajili ya mvua. Anayebadilisha kila Machi na kila Juni hatajenga mkono hata kidogo.

Swali: Nimeona vijiguu vya kioo vya kubandika chini ya mausi. Nikiviweka kwenye mausipedi ya kontroli nitapata kontroli na spidi kwa pamoja? (Sanawari)

Utapata spidi, utalipa kwa breki. Kioo kinateleza kwenye kitambaa kuliko Teflon, kwa hiyo ile kusimama uliyoilipia inapungua. Wako wanaopenda hivyo, hasa wa gemu za kumfuata adui anayekimbia muda mrefu, Apex na ndugu zake, na kwao nisingebisha. Kwa Valorant, ambako unashikilia kona na kusubiri kichwa kitokee, sioni sababu. Na kwa vumbi nililolieleza hapo juu, kitu kigumu juu ya mchanga juu ya kitambaa kitakula kitambaa. Ukitaka spidi nunua mausipedi ya spidi, uache kuitesa hii.

Swali: Nimepata QcK Heavy kwa elfu kumi na tano pale stendi. Ni orijino? (Bila mtaa)

Wewe mwenyewe unajua. Pima unene kwa rula: Heavy ya 450 kwa 400 ni milimita 6. Zaidi ya hapo, ifanyie mitihani niliyompa mtu wa Njiro. Ikifaulu, una mausipedi nzuri yenye jina la kuazima. Kisichonipendeza ni wewe kulipia jina ambalo halipo, wakati jirani yake isiyo na nembo, yenye mpira huohuo, ilikuwa inauzwa rahisi zaidi.

Swali: Seva ikinipa pingi kubwa (ikichelewa kunijibu), mausipedi ya kontroli inasaidia? (Usa River)

Seva rasmi ya karibu ya Counter-Strike iko Johannesburg. Kitambaa chako kiko Usa River.

Swali: Nimenunua kubwa mno, haienei mezani, inaning'inia. Naruhusiwa kuikata? (Soweto, Moshi)

Ni yako, kata. Ilaze kifudifudi, mpira ukiwa juu, bana rula ya chuma, na pitisha wembe mpya mara nyingi kwa nguvu ndogo badala ya mara moja kwa nguvu nyingi. Ukingo uliokatwa utaanza kufumuka. Fundi viatu ana sindano na uzi unaopita kwenye mpira. Fundi cherehani wa nguo atavunja sindano na akudai. Upande uliokatwa uweke ukutani, mbali na mkono.