Si gesi inayowaka, ni sumaku iliyosokotwa

Hapana kaka, milipuko ya Jua haitokani na gesi kuwaka kama usemavyo. Nguvu yake ni ya sumaku. Jua huzunguka upesi zaidi kwenye ikweta yake (siku 25 hivi) kuliko karibu na ncha (siku 35 hivi), basi mistari ya sumaku (njia zisizoonekana ambazo nguvu ya sumaku hufuata) husokotana. Sisi tunaopota kamba za majahazi hapa Lamu twalijua hili kwa vidole: ukizidisha kupota, kamba hujikunja kitanzi yenyewe. Kule Juani vitanzi vikikutana hukatika na kuungana upya, na nguvu iliyobanwa hufumka ghafla. Mwanga wa mlipuko hutufikia kwa dakika 8. Mlipuko ukirusha pia wingu la chembe, nalo likielekea huku duniani, hufika kwa siku 1 hadi 3. Ila si kila mlipuko hurusha wingu.