Slabu ya ghorofa: unene kwanza, nondo baadaye

Wanaoanza kazi hii hukimbilia kuuliza nondo za ngapi na ziachane kiasi gani. Tulia. Pima kwanza umbali kati ya tegemeo na tegemeo, yaani ukuta au boriti inayoibeba slabu, maana huo ndio unaoamua unene. Slabu za nyumba hazivunjiki ovyo. Taabu yao kubwa ni kunepa, plasta ya dari ikachanika na milango ikagoma kufunga. Umbali ukiwa maradufu, kwa unene na mzigo uleule, slabu hunepa mara 16.

Kwa makadirio ya slabu inayobeba upande mmoja, yaani inayopeleka mzigo kwenye mategemeo mawili yanayotazamana, kanuni za Marekani za ujenzi wa zege, ACI 318, hugawa umbali kwa 20 ikiwa imekalia ncha mbili tu, kwa 28 ikiwa inaendelea kupita mategemeo yote mawili, na kwa 10 ikiwa ni roshani inayoning'inia, iliyoshikwa upande mmoja tu. Umbali wa mita 3.6 ukigawa kwa 28 unapata milimita 129. Wengi wetu tungeweka 150. Ila slabu ikibeba kuta zinazopasuka kirahisi, usiridhike na mgawanyo huo: piga hesabu ya kunepa yenyewe.

Basi si uongeze unene tu ulale usingizi? Hapana. Slabu ya milimita 150 ina uzito wa kilo 375 hivi kwa mita ya mraba. Ukiifanya 200 umeongeza kilo 125, zaidi ya nusu ya mzigo wa watu na samani unaokadiriwa kwa vyumba vya kuishi, na zote zinashukia boriti, nguzo na msingi. Woga nao una gharama.

Sasa nondo. Kwa slabu hiyo ya 150, kiwango cha chini cha nondo, asilimia 0.18 ya eneo la mkato wa zege, ni milimita za mraba 270 kwa kila mita ya upana. Nondo za milimita 10 kila sentimita 25 zinakupa 314, zimetosha. Kila sentimita 30 ni 262, umepungukiwa. Hicho ni kiwango cha chini tu, mzigo wenyewe unaweza kudai zaidi. Chumba kikiegemea pande zote nne na urefu wake hauzidi upana mara mbili, slabu hubeba pande zote mbili, na upande mfupi ndio unaobeba zaidi. Kwa hiyo nondo za upande mfupi zilale chini kabisa, za upande mrefu juu yake. Mafundi wengi huzipanga kinyume wala hakuna anayeona.

Kinachonikera kuliko vyote ni nondo za juu, zile za kwenye mategemeo na roshani. Kina cha kazi cha slabu yetu, yaani unene wote ukitoa kava (zege linalofunika nondo) ya milimita 20 na nusu ya nondo, ni 125. Nondo ya juu ikikanyagwa ikashuka milimita 30, unabaki na 95, yaani robo ya nguvu imeondoka, na kwenye mchoro kila kitu kiko sawa. Kwenye roshani hakuna nondo nyingine ya kuokoa hali. Dai viti vya chuma vya kuzishikilia, tandika mbao za kupitisha toroli, na siku ya kumwaga zege usiondoke hapo na futi yako mkononi.